Kibao Nimekitoa Begini

Mwanangu Siwema,

Salamu za nyumbani umeondoka nazo mwenyewe, kwa hiyo nianze na jambo lenyewe. Ukiifungua ile kanga ya zambarau uliyoikunja chini ya mashuka, hutakuta kibao changu cha kusomea vitabu. Utakuta barua hii. Kibao nimekitoa mimi jana mchana, nilipokuwa natafuta nafasi ya kutia sabuni na mafuta yako ya nazi. Nilikishika, nikakaa nacho kitandani kwako, sikujua nicheke au nilie. Kisha nikakirudisha kwenye sanduku langu, nikaendelea kupanga nguo zako za chuo cha uuguzi, huko Dodoma.

Sina hasira na wewe. Nimechoka tu, na uchovu wangu unaujua, umeishi nao ndani ya nyumba moja. Ninaandika haya baada ya alasiri. Wewe umekwenda Ruaruke kumuaga shangazi yako, baba yako hajarudi kutoka sokoni, bibi yako amejilaza. Mvua inapiga bati mpaka siisikii kalamu yangu. Madaftari ya darasa la nne yako hapa mezani hayajasahihishwa, na miguu imevimba kwa kusimama jikoni na maandazi yako tangu asubuhi. Ya chandarua, ya kutunza nauli, ya kuchagua marafiki, hayo sitayaandika. Nimeyasema mpaka yamekuchosha, hata mimi yamenichosha. Nina hili moja la kibao.

Unakumbuka mjomba wako Hamisi alivyopiga simu kutoka Dar es Salaam, nikaiweka sauti ya juu wote tusikie. Akasema, "Mwambie mwali wangu achague. Akishuka Mbagala nampitisha dukani moja kwa moja. Anataka kishikwambi, au anataka kidude cha kusomea vitabu kama chako? Kimoja, dada. Viwili siviwezi."

Hukufikiri hata kidogo. "Kishikwambi, mjomba! Halafu mama atanipa kibao chake, nitakuwa navyo vyote."

Baba yako akacheka, akasema, "Huyu mtoto ana akili huyu." Bibi yako naye akaingilia kutoka mkekani, "Mpe mtoto, weye ushasoma ya kutosha." Mkanitazama wote. Mimi nilikuwa na ungo mkononi, napeta mchele. Niliendelea kupeta. Sikusema ndiyo, sikusema hapana, na nyinyi mkaendelea na mazungumzo mengine kama jambo limekwisha.

Kwa hiyo sikulaumu kwa kukifunga kwenye kanga. Ulichukua kitu ambacho kwa desturi yetu ulikuwa umeshapewa. Nilipokuwa mkubwa kama wewe wazee walikuja kuniposa, babu yako akasimama mlangoni akaniuliza kama nimeridhia. Unajua inavyokuwa: mwari akinyamaza, amekubali. Akilia, wanasubiri kidogo, kisha wanasema analia kwa furaha. Mimi nilinyamaza. Bahati nzuri baba yako nilikuwa nampenda, tena sana, usimwambie, kwa hiyo kimya cha siku ile kilikuwa cha haki. Lakini watu walinisifu mno. Ana haya binti huyu, ana adabu, hana mdomo. Nikaona kumbe kunyamaza kunalipa, nikakifanya kimya kuwa ndiyo tabia yangu, na kila aliyeniomba kitu akajua jibu lake kabla hajamaliza kuomba.

Hivyo ndivyo nilivyokipoteza kishikwambi changu. Hadithi hiyo unaijua upande wa kuchekesha, ambao baba yako huusimulia kila Idi. Acha nikupe upande wangu.

Tulikuwa bado Mbuchi, wewe darasa la tatu. Nilikuwa nimejiandikisha shahada ya ualimu kwa masafa, ile ya kusoma ukiwa kazini. Vitabu vyote vilikuwa vya mtandaoni. Nilipopokea zamu yangu ya mchezo wetu wa walimu wa kuchangiana fedha nikanunua kishikwambi, kipya, na jalada lake jekundu. Mbuchi mtandao ulikuwa wa kubahatisha, basi nilivuka kwa boti, nikapanda pikipiki mpaka hapa Kibiti, nikakaa kwenye kibanda cha kijana wa kompyuta kutwa nzima mpaka vitabu vikashuka vyote. Nilirudi nimekifunga kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Siku ile nilijiona msomi kwelikweli.

Nilikisomea wiki moja hivi. Kisha bibi yako akataka kusikiliza mawaidha. Baba yako akataka kuona magoli. Watoto wa jirani wakagundua katuni. Jirani yetu Mama Shani akaozesha binti yake, kikaombwa kwenda kupiga picha za harusi, kikarudi na picha nyingi kuliko vitabu, na mafuta ya biriani kwenye kioo. Hakuna aliyeniibia. Kila mtu aliomba, tena kwa adabu. "Mwalimu, nisaidie kidogo tu." Ningemwambia nini mtu aliyeninyonyeshea mwanangu nilipolazwa? Mama Shani alikunyonyesha wewe, unajua. Kwa hiyo nikampa.

Nikija kukipata mwenyewe, chaji imebaki kidogo, na sola yetu ilikuwa ya taa mbili na simu. Hata chaji ikiwepo, nafungua ukurasa, sijafika katikati ujumbe unaingia: kikundi cha walimu, kikundi cha ukoo, mtu anauza vitenge. Sitaki kuwasingizia watu kila kitu. Hapo nilikuwa peke yangu na kidole changu, na kidole kilikwenda kwenye vitenge.

Halafu mpunga ukakomaa. Ilikuwa zamu yako wewe na kaka yako kwenda kukaa dunguni kufukuza ndege, na mimi sikutaka mkose shule. Mwalimu mzima watoto wangu wakae juu ya dungu wakipiga madebe, darasani viti vitupu! Tuligombana, baba yako na mimi, kwa namna yangu ya kugombana, yaani yeye anasema na mimi nanyamaza. Asubuhi akaamka na akili yake mpya. Akarekodi sauti yake mwenyewe kwenye kishikwambi, "Haaaya! Haaaya! Ondokaaa!" na kaka yako nyuma anagonga debe. Akakifunga juu ya nguzo ya dungu kwa mpira wa baiskeli, akaunganisha na kile kispika kilichopiga muziki harusini kwa Mama Shani, akakiacha kinapiga kelele peke yake.

Akaniuliza kwanza, sitamnyima haki yake. Alisimama nacho mkononi akasema, "Mama Siwema, unaonaje? Watoto wanakwenda shule, ndege wanakimbia, wewe unapumzika." Mimi nikanyamaza.

Na kilifanya kazi, ndilo jambo baya. Siku ya kwanza ndege walikimbia mpaka wakahamia shamba la Mama Shani, naye akaja kulalamika. Watu walitoka mashamba ya mbali kuja kuona dungu linalosema peke yake. Baba yako alitembea kama diwani. Mimi nilikaa kivulini chini ya dungu, mtihani wangu uko jirani, vitabu vyangu vyote viko juu ya kichwa changu vinapiga mayowe ya kufukuza ndege. Nilikuwa nasikia sauti ya mume wangu ikitoka ndani ya kitabu changu cha saikolojia ya mtoto. Nilicheka na wenzangu. Ndani nilikuwa nawaka.

Baada ya siku chache ndege walizoea. Walikuwa wanatua juu ya paa la dungu lenyewe, wanasikiliza. Jua likakipika kishikwambi mchana kutwa mpaka betri ikavimba, kioo kikanyanyuka upande mmoja, na baba yako alipokishusha hakikuwaka tena. Alisikitika, maskini. Aliniomba radhi kwa kuniletea samaki mkubwa kuliko wote waliopatikana siku hiyo, na nikampikia kwa nazi nzito, tukala wote.

Mtihani nilifeli. Masomo niliacha. Ningependa kukuandikia kwamba baadaye niliyarudia nikavaa joho, barua ingependeza zaidi, lakini sikuyarudia. Miaka ilipita, tukahamia huku Kibiti, wadogo zako wakaja, ikawa basi. Nilimlaumu baba yako kimoyomoyo muda mrefu, kisha nikawalaumu ndege. Ilinichukua muda kukubali kwamba mwenye kitabu nilikuwa mimi, na mdomo nilikuwa nao.

Kibao kililetwa na Hamisi baada ya kusikia kisa cha dungu, alipomaliza kucheka. Alikinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Unakumbuka ilivyokuwa siku ile? Nyumba nzima mlijaa sebuleni. Mkakiwasha, mkaona maandishi meusi juu ya kijivu. Baba yako akakigusagusa akitafuta picha.

"Kinafanya nini kingine hiki?"

"Cha kusomea vitabu."

"Basi?"

"Basi."

Akanirudishia kama mtu anayerudisha mchuzi usio na chumvi. Bibi yako akakishika, akakigeuza huku na huku, akasema, "Hamisi kauziwa kibovu. Hakina rangi, hakina sauti. Kama kibao changu cha chuoni kwa maalimu, tena kile changu kilikuwa kizuri, kilikuwa cha mti." Jina likabaki hilo. Wewe ulikitaka dakika mbili, ukaona hakina michezo, ukakiacha juu ya meza. Mkatawanyika kila mtu na shughuli zake.

Siwema, tangu niolewe, hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho hakuna mtu aliyekiomba.

Sahani zangu zinaazimwa. Kanga zangu anavaa kila anayenyeshewa njiani. Mshahara wangu unajulikana tarehe yake na ukoo wote. Muda wangu, sihitaji kukueleza. Lakini kile kidude cha kijivu kilikaa juu ya kabati na hakuna aliyekitamani. Nikikifungua, watu walidhani nafanya kazi ya shule. Bibi yako aliwanyamazisha watoto, "Mwacheni mama, anatayarisha masomo." Na mimi nasoma riwaya ya mapenzi, nimekunja uso kama napanga ratiba ya mitihani! Mara moja nililia kabisa, mwanamke wa kwenye hadithi amefiwa, baba yako akaniuliza kuna nini. Nikamwambia darasa la saba wamefanya vibaya.

Sikudanganyi kwamba ni kitu cha ajabu. Kina kasoro zake, na wewe uzijue kabla hujaingia dukani, maana uchaguzi bado ni wako. Kibao ni kizito cha akili. Ukigeuza ukurasa kinapepesa macho kwanza ndipo kinakuletea. Yale makaratasi ambayo vyuo hutuma, yaliyopigwa picha kutoka kwenye kitabu kikubwa, humo yanakuwa na maandishi kama chawa, na ukiyakuza unasoma nusu mstari, unasukuma, unasoma nusu nyingine, mpaka unasahau mwanzo. Rangi hakina. Mishipa ya damu ya mtu, ile mnayoambiwa huu mwekundu huu wa buluu, humo yote ni moshi mtupu, na muuguzi hawezi kusomea moshi. Vitabu vya Kiswahili nilivyoweza kutia humo vinahesabika, nimevirudia mpaka najua nani anakufa na ukurasa gani.

Kwa upande mwingine, kwenye jua kali la dunguni kinasomeka kama karatasi, wakati kishikwambi kwenye jua ni kioo cha kujitazamia tu. Chaji yake unaisahau mpaka unajiuliza mara ya mwisho ulichaji lini. Macho yangu haya, ambayo taa ya kishikwambi iliyafanya yatoe machozi, kwenye kibao yanatulia. Na hakiniiti. Hakuna mtu ndani yake anayesema shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu.

Basi uchague kipi? Baba yako anasema kishikwambi, kwa kuwa ni kikubwa na kina kamera. Mimi nimelifikiria kwa muda mrefu kuliko alivyofikiri yeye. Kama ungekuwa mtu wa aina yangu, ningekuambia kwa nguvu zote uchukue kitu kama kibao, ukapambane na maandishi madogo na michoro ya kijivu, kwa sababu kishikwambi hutakimiliki. Mabweni ni kama nyumba yetu. Wataomba kuangalia tamthilia, wataomba kupiga simu ya video na mchumba, wataomba kwa adabu, na wewe utanyamaza.

Lakini wewe si mimi. Nimekuangalia. Ulipokuwa kidato cha pili yule binamu yako aliomba viatu vyako vya shule aende navyo harusini, ukamwambia hapana, na ukaendelea kula wali. Niliona aibu, nikakufinya. Samahani kwa lile finyo. Na juzi ulimwambia mjomba wako unachotaka kabla hajafunga mdomo, na jana ukatia mkono kwenye sanduku la mama yako bila kuuma kucha. Hilo la sanduku usilirudie, kwa mtu yeyote, sikia. Ila mtu mwenye uso mkavu kiasi hicho anaweza kukaa na kishikwambi bwenini na kikabaki chake. Chukua kishikwambi. Zima hizo kengele zake unapofungua kitabu, zote, hata ya kikundi cha ukoo, hata ya kwangu. Akija mtu kukiomba, mwambie, "Sasa hivi nasoma." Usiongeze maelezo. Mimi nilikuwa najiandalia maelezo marefu kichwani, nikifika katikati ya maelezo kitu kimeshaondoka.

Sasa nirudi kwenye langu, maana nimezunguka sana na mvua imeanza kukatika, utarudi muda si mrefu.

Sikupi kibao. Nimeandika, nimeitazama sentensi hiyo, na sijaifuta. Sijui kama unaelewa ilivyonipa tabu. Tonge la mdomoni nimekupa, chumba nimekupa, usingizi wangu wa miaka ya pumu yako umeuchukua wote na ningekupa tena kesho. Ukiugua huko Dodoma nitauza cherehani nije. Lakini nimeshindwa kukupa kile kitu cha kijivu, na nilipokiona begini mwako moyo uliniuma kama nimeporwa, na nikaogopa. Nikajiuliza, mama gani anamfanyia mwanawe uchoyo wa kitabu? Nimejiuliza tangu jana. Jibu nililopata si zuri sana wala si refu. Mama huyo ndiye mimi hapa.

Kukuambia usoni singeweza. Ungetabasamu na lile pengo lako la meno, ningenyamaza, na wewe ungeondoka nacho kihalali. Ndiyo maana natumia karatasi, nikijua utaisoma ukiwa umeshafika njiani na mimi siko mbele yako. Ni woga, najua. Ni hapana yangu ya kwanza, niruhusu niiseme kwa mbali.

Ukinikasirikia, kasirika mpaka uvuke Mkuranga. Baada ya hapo una mjomba wa kusalimiana naye na duka la kuingia. Usimsimulie Hamisi mambo ya kanga, atacheka tena mpaka akohoe. Mwambie tu mama amebaki na chake.

Kesho asubuhi hapo stendi nitalia, ukisoma haya utakuwa umeshaniona. Bibi yako atasema nalia kwa furaha. Nikitoka hapo nitarudi nyumbani, nitawapa wadogo zako chai, nitasahihisha haya madaftari ya watu. Jioni nitaingia chumbani kwako, maana sasa kitakuwa kitupu na kina dirisha zuri, na nitafunga mlango kwa ndani. Wameshanizoea mlango ukiwa wazi, watagonga. Sijui kama nitaweza kutofungua. Nitajaribu.

Kwa hiyo ukipiga simu jioni ukaona haipokelewi, usiingiwe na hofu, wala usimpigie jirani aje anitazame. Mama yako ni mzima. Anasoma.

Mimi niliyekuzaa,
Mama